Hawakuniuliza Kama Nilinawa

Nilikuja na daftari.
Miaka kumi na tisa ya joto na unyevu,
asubuhi na jioni, kwa kalamu ya buluu,
hata siku aliyozikwa mama: nyuzijoto tisa, unyevu tisini.
Nilikuja na risiti za dawa ya kusugulia sakafu
na picha ya beseni lililo mlangoni mwa pango,
ambamo kila buti huzama kabla ya kuingia:
langu, la mkaguzi, la padri siku aliyotubarikia.

Wakili wangu Quirós aliyafunga yote kwa uzi.
Njiani kuelekea Oviedo, mvua ikipiga kioo,
akasema: "Etelvina, daftari ni zuri.
Halitasaidia."

Jaji alikuwa mwanamke mwenye mafua.
Jibini ni lako?
Langu.
Duara namba arobaini na moja lilitoka pangoni mwako?
Lilitoka.
Lilikuwa na kijidudu?
Maabara yasema lilikuwa nacho.
Belarmino Cueto alilila, akafa?
Akafa.
Akapenga kamasi, akageuza karatasi.

Nikalingoja swali,
kama ng'ombe aliyejaa maziwa angojavyo mkono:
mkono ukichelewa, kiwele huuma.
Yangu ilikuwa juu ya meza, myekundu, imebabuka kwa sabuni.
Hakuna aliyeitazama.

Hukumu, kurasa sita.
Neno *kosa* limo mara moja tu,
nalo linafukuzwa mlangoni: si lazima lithibitishwe.
Mimi niliielewa hivi:
mla nyama ya chungu ndiye msugua masizi.
Aliyekiuza kitu akibebe,
kwa kuwa mnunuzi hana tochi ya kumulika tumbo la jibini.

Nilitaka kumchukia yule mwenye mafua. Sikuweza.
Usiku nilihesabu: kama si mimi, alipe nani?
Belarmino, aliyekata kipande kwa kisu cha mfukoni,
akakipaka kwenye mkate wa mahindi,
akamwambia mkewe, njoo uonje, leo limekolea?
Mkewe? Alipe kwa lipi, kwa kuchelewa kuja mezani?
Pango? Pango halina akaunti benki.
Hasara ni maji, lazima yatuame mahali.
Sheria imechimba shimo,
na shimo liko uani kwangu.

Nimeuza ng'ombe saba.
Bima ikalipa lililobaki, shingo upande.
Mwanangu Xuacu husema, Mama, hawakusema una hatia.
Kweli. Wala hawakusema sina.
Hata mwizi wa kuku husomewa neno lake mbele ya watu,
akatoka nalo, liwe jeusi au jeupe.
Mimi nilitoka na stakabadhi.

Mwezi Machi basi lilimshusha mjane darajani.
Alipanda mlima kwa viatu vya mjini,
akakataa kiti, akakataa kahawa.
Aliangalia pango, si uso wangu.
"Siku ile," akasema Oliva. "Ulinawa?"

Daftari lilikuwa rafuni, hatua tatu.
Sikulifuata.
Nilikuwa nimelilinda jibu kwa miaka miwili,
nikalifungua mdomoni nikalikuta limepungua.
Zilikuwepo asubuhi elfu sita na zaidi,
zote zina sabuni, zote zina maji ya baridi,
na ile moja, ile aliyoihitaji yeye, siikumbuki.

"Hunawa kila siku," nikasema.
"Siku ile siioni."

Alinyamaza kitambo. Kengele za mbuzi ng'ambo.
Kisha akasogea hadi kwenye beseni,
akatumbukiza kiatu kimoja,
akanishika bega asianguke,
akatumbukiza cha pili.